Paka Aliyepewa Jina la Dada Yangu

Dagoretti Market,
Nairobi.
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa Veronicah, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu nzito kama paja la ng'ombe. Hali yako huko Doha? Joto linasemaje? Na ule mgongo uliokusumbua kwa kusafisha vyumba vya hoteli, umepoa? Sisi tupo. Baridi ya mwezi huu imetushika. Mke wangu Munyiva anakohoa lakini bado ananigombeza, kwa hivyo ni mzima.

Mimi mjomba wako sina neno. Juzi hapa kichinjioni fahali alikata kamba, wanaume wakapanda ukuta, mimi nikamwangalia tu machoni. Akalala chini mwenyewe. Uliza mtu yeyote Dagoretti.

Sasa Veronicah, ujumbe wako nimeusoma. Umeandika, "Baba hakumlilia mama kaburini, halafu anaenda kumlilia paka kwa televisheni, tena anampa jina la mama. Asinipigie tena." Nilisoma nikaweka simu chini ya mto. Ujumbe wa namna hiyo haujibiwi kwa kidole kimoja. Nimetafuta kalamu.

Hicho kipindi, Tutatoka Tu, mimi ndiye nilikijua kwanza. Ni cha kuchekesha, cha watu wanaotafuta usanii na hawauwezi: huyu anaimba kama mbuzi, yule anajiita mwigizaji na hata kusimama hajui. Unawaonea haya mpaka unacheka. Walipotafuta mzee wa kulia matangani, nikawaambia shemeji yangu Lenox, baba yako, akilia hata maiti husikiliza. Mimi walitaka kunipa nafasi kubwa kabisa, nikakataa, nina kazi.

Tulienda Karen, kwa nyumba moja yenye nyasi nyingi kuliko uwanja wa mpira. Msichana mmoja anayeitwa Prachi, ndiye anayeamuru kamera, akamwambia baba yako, "Mzee, tajiri amefiwa na paka wake. Mlilie." Akauliza paka anaitwa nani, maana yeye halii bila jina. Akaambiwa, "Lolote tu, mzee."

Akafunga macho. Mimi nilijua kabla hajafungua mdomo. "Selpher, nani atanifungulia mlango bila kuniuliza nimetoka wapi? Nani atanikuna mgongo mahali mkono wangu haufiki? Umeacha chai jikoni imefunikwa na sahani, naogopa kuifunua."

Wale vijana walikuwa wameshika mbavu. Ukifikiri ni paka, maneno hayo yanachekesha kweli. Mimi, niliyelaza fahali kwa macho, niligeukia ua nikajifanya napenga kamasi.

Prachi akasema, "Jina zuri hilo. Paka ataitwa Selpher." Hakujua, Veronicah, na hakuna aliyemwambia. Baba yako akamshukuru kwa mikono miwili. Unakumbuka mama yako alizikwa mbio mbio wakati wa korona, hata redioni hakutangazwa kama watu wetu wanavyotangazwa. Jambo hilo limemla baba yako miaka yote. Tukirudi akaniambia, "Shemeji, sasa atatajwa. Nchi nzima itasikia."

Siku ya kipindi kuonyeshwa alikuja kwangu amevaa lile koti lake la mazishi, akakaa mbele kabisa. Jina likatajwa. Akaonyeshwa paka amefungwa utepe shingoni, na kicheko kikapanda humo televisheni. Baba yako akageuka akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka.

"Shemeji, hao wanaocheka ni kina nani?"

Mimi mwenye jibu la kila kitu nikamwambia ni mitambo, huwa inacheka yenyewe. Na nasikia ni kweli.

"Basi mitambo haijafiwa," akasema, akachukua kofia yake.

Tangu hapo halii tena. Mzee Muli, jirani yetu, alipofariki walimwita. Akasimama kando ya jeneza mdomo wazi, kisha akarudi kuketi. Kule Upper Hill anakolinda geti wanasema hata salamu hajibu. Chakula anakigusa tu.

Na kuhusu siku ya mama yako, nisikilize vizuri. Mwenye kulia kwetu hutupa neno, na mwingine hulipokea: eeh, ni kweli, sema. Neno lisipopokelewa linamrudia linamkaba. Aliyempokea baba yako katika matanga yote, toka ujana wao, alikuwa Selpher. Wewe ulitazama kwa simu ukaona mtu amenyamaza. Mimi nilikuwa begani pake. Alifungua mdomo, akangoja. Alikuwa anangoja, Veronicah.

Kwa hivyo mpigie. Habari ya paka niachie mimi, nitaenda Karen mwenyewe na watanijua. Wewe muulize tu mama alikuwa anapenda chai yake namna gani. Akianza, usimwambie pole, usimnyamazishe. Mpokee. Una sauti ya mama yako kabisa, na hilo sijalitia chumvi.

Munyiva anakusalimu sana, na Kasyoki, kitinda mimba wetu, anauliza utakuja lini. Wasalimie wenzako wa chumba. Mungu akulinde katika mchanga huo wa watu, akurudishe ukutane na baba yako akiwa bado ana sauti.

Ni mimi mjomba wako, akupendaye hata ukinuna,

Hezekiah Were