Skrubu za Meno ya Thuranira

Jumatatu, 4 Machi 2019

Uji, vidonge, kisha kinu. Kagendo, mke wa mwanangu, amenitwangia miraa na sukari kidogo, akaniwekea kijiko. Mtu mwema. Hanitazami ninapolamba.

Meno yangu yamebaki matatu. Hakuna mawili yanayokutana.

Thuranira alipita akienda mjini Maua. Ni mdogo wangu, na siku hizi mtu angedhani ni mwanangu. Alisimama langoni akacheka kwa jambo lisilochekesha, ili mdomo ufunguke. Meno manne ya mbele, mapya, meupe kama vikombe vya hospitali. Alitiwa meno hayo Embu mwezi wa kwanza. Binti yake anakaa huko.

Nilimjibu salamu, nikarudi kulala.

Namwonea wivu. Daktari amesema moyo wangu huenda usimalize mwaka huu. Sina muda wa kujidanganya.

Alhamisi, 7 Machi

Mwanangu amepiga simu kutoka Timau, kwenye mashamba ya ngano. Posa ya Kendi, mjukuu wangu, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Upande wa kijana utaleta ncoolo, lile fungu la miraa ya heshima lililofungwa kwa majani ya mgomba.

Katika ukoo wetu mazungumzo hayaanzi mpaka mzee wa upande wa binti achomoe kijiti cha kwanza, akivue gamba kwa meno yake mwenyewe, akitafune mbele ya watu. Asipotafuna, posa imekataliwa. Kwa mabinti wote wa nyumba hii, mzee huyo nimekuwa mimi.

Mwanangu alikohoa kwanza. Kisha: "Baba, tumeonelea baba mdogo atafune. Wewe upumzike."

Tumeonelea. Nani na nani?

Nikasema sawa. Sikula mchana.

Jumapili, 10 Machi

Thuranira alikuja baada ya ibada, na suti yake. Alitoa kiberiti mfukoni. Ndani hakukuwa na njiti. Kulikuwa na skrubu moja, fupi kama punje ya mchele. Daktari wa Embu alimbadilishia kwa sababu kichwa cha skrubu kilikuwa kimekwaruzika, naye akaiomba ile ya zamani.

"Mwalimu, wewe ulifundisha vyuma. Hii kitu itashika?"

Nikavaa miwani, nikachukua na lenzi. Nilianza kufundisha ufundi wa vyuma mara tu baada ya Uhuru, nikaufundisha mpaka nikastaafu. Sijawahi kushika skrubu nzuri hivi. Titaniamu. Imepakwa utando wa rangi ya dhahabu, mwembamba usiopimika kwa kifaa chochote nilichokuwa nacho karakanani. Utando huo unapunguza msuguano, hivyo skrubu inakazwa vizuri bila kujikwaruza. Haishiki kutu. Mate hayaiwezi. Mimi nitaoza mwili wote. Yeye atabakiza kitu kaburini.

Niliionea wivu hata skrubu.

Lakini utando hauzuii kulegea. Skrubu inayovutwa kando, tena na tena, hujifungua yenyewe kidogo kidogo. Na miraa haitafunwi kwa kushusha jino tu. Unaliuma gamba, unavuta kando. Juu ya hayo, kile kigingi kilichozamishwa kwenye taya ili kibebe jino bado hakijashikwa na mfupa. Huchukua miezi. Nilijua yote hayo nikiwa bado nimeshika lenzi.

"Kwa hivyo Jumamosi nitafune?"

"Tafuna. Hiki ndicho chuma wanachoundia ndege."

Alinitazama kidogo.

"Ukisema wewe, nimekubali." Akafunga kiberiti.

Jumatano, 13 Machi

Nataka jino lianguke mbele ya wageni. Ndani ya kikombe cha chai, ikiwezekana.

Mchungaji alikuja kuniombea. Aliniuliza kama kuna mzigo ninaotaka kuutua. Nikamwambia nimewasamehe wote walionikosea. Alifurahi. Hakuuliza kama kuna niliyemkosea.

Nimekuwa nikifikiria mama. Alinipeleka shule mimi, akamwacha Thuranira na miraa. Nilidhani ndiye niliyependelewa. Sasa yeye ana miti, ana miguu, ana meno. Mimi nina vyeti ukutani. Na sasa wamempa na kijiti changu.

Ijumaa, 15 Machi

Simu iko kando ya mto wangu. Chaji imejaa. Ningempigia Thuranira asubuhi, au mchana, au sasa.

Sijapiga.

Jumamosi, 16 Machi

Walinikalisha kwenye kiti chenye mito, karibu na mlango, kama mgonjwa. Ni kweli ni mgonjwa.

Wageni walifika na ncoolo yao. Miraa nzuri, ya miti mizee. Thuranira alichomoa kijiti. Msemaji wao, mtu wa maneno mengi, hakuweza kujizuia.

"Mzee, hayo meno ni yako ama umeyaazima?"

"Nimeyaazima. Nikifa yarudishwe Embu."

Nyumba nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika mkono wa kiti.

Akauma. Akavuta kando, kwa nguvu, kama kijana. Gamba likatoka lote, kipande kimoja kirefu. Akatafuna. Hakuna kilichoanguka. Wanawake wakapiga vigelegele, Kendi akajifuta machozi.

Nilivunjika moyo. Acha niliandike vizuri. Mjukuu wangu aliposwa kwa heshima, kila mtu akafurahi, nami nilivunjika moyo.

Jumatano, 20 Machi

Thuranira hajapita tangu Jumamosi. Kagendo ameniambia amevimba shavu. Anakunywa uji, na wa baridi.

Furaha ikaja. Niligeukia ukuta ili Kagendo asione uso wangu. Aibu nayo ikaja, lakini furaha ilitangulia.

Jumapili, 24 Machi

Amekuja mwenyewe, kwa miguu, amefunga kitambaa kichwani kama mama mzazi. Alifungua mdomo nione. Jino moja linacheza. La pili limeinama pamoja na kigingi chake, na usaha unatoka. Skrubu yenyewe haina kasoro, inang'aa. Ni taya lililoachia. Kesho anarudi Embu wayatoe.

Nilikuwa nimepanga kumpa pole. Badala yake nikasema, "Nilijua. Nilijua utaumia, na nikakwambia utafune."

Alikaa kitako taratibu.

"Mwalimu, hata mimi nilijua. Daktari alinikataza tangu mwanzo. Hata mahindi ya kuchemsha alinikataza."

"Sasa ulikuja kuniuliza nini?"

"Nilikuja unikataze. Ningewaambia Mwalimu amesema chuma hakitashika, basi atafune mwenyewe, hata kama ni kwa kijiko. Nani angebishana na wewe mambo ya chuma?"

Nilitazama vyeti ukutani.

"Lakini ulisema nitafune," akaendelea. "Nikaona umeamua kunipa hiyo nafasi. Hujawahi kunipa kitu chako. Ningekataaje?"

Ningeweza kunyamaza hapo. Angeenda Embu akiamini nilimpa zawadi, nami ningekufa nikiwa kaka mwema. Nilifikiri jambo hilo, kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Sikukupa," nikasema. "Nilikuwa naona wivu. Nilitaka uaibike."

Akatazama kofia yake magotini, akaigeuzageuza.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipotiwa meno."

"Mimi tangu ulipovaa viatu vya shule."

Alitaka kucheka, shavu likamkataza. Alishika taya kwa mkono, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Sikujua ni maumivu au ni kile kicheko. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Alipoondoka aliniegemezea mlango ili upepo usiniingilie.

Jumanne, 26 Machi

Mwanangu alipiga. Nilimwambia yote. Alikohoa kama siku ile. Kisha akasema, "Baba, hayo usimwambie Kendi." Nikasema nitamwambia.

Jioni nilimwambia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, hakuninyooshea mkono. Ni haki yake. Alikunja shuka langu, akalikunjua, akalikunja tena, akatoka.

Jumamosi, 30 Machi

Kifua kizito. Nimeandika kidogo kidogo tangu asubuhi.

Thuranira amerudi kutoka Embu. Wametoa mawili. Amekuja kukaa nami. Hakuleta maneno mengi, nami sikuyataka. Alisema barabara ilikuwa mbovu huko Chuka, na kwamba Kiritiri hawajapata mvua. Kisha akasinzia kwenye kiti, kichwa kimelala nyuma, mdomo wazi.

Pengo linaonekana lote. Ufizi mwekundu, uzi mweusi wa daktari.

Niliitafuta ile furaha. Nilingoja, kwa sababu naijua, huwa haichelewi.

Haikuja.

Kagendo aliingia na chai. Nikaweka kidole kwenye midomo yangu, asimwamshe.