Moshi wa Nyumba Saba

Dada Rael mpendwa,

Hili sijamwambia mtu: nimemdanganya askari wa serikali, mimi ninayeona haya hata kuomba chumvi kwa jirani.

Kijijini kwa Nyanya, huku mlimani juu ya Subukia, zimebaki nyumba saba na watu wawili, yeye na mimi. Wengine walishuka kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Sasa serikali inasema nyumba isiyotoa moshi ni gofu, na kijiji kikiisha watapanda miti yao. Kwa hiyo kila asubuhi tunawasha moto katika nyumba zote saba.

Jana askari wa msitu alipanda akihema.

“Mama mzee, wenye nyumba wako wapi?”

“Wanapika. Kwani kwenu hamli?”

Akanigeukia. Nikasema, “Ukitaka kuwahesabu, ngoja kwanza wale.”

Akatazama moshi, akaandika saba, akashuka.

Mababu zetu walijenga kuta za mawe za mashamba haya kabla Mzungu hajaijua njia. Sitoki. Tutumie viberiti, na ujifunike vizuri na hiyo baridi ya Nakuru.

Kadi hii ninayokuandikia nimeitia ndani ya bahasha, asije mtu akaisoma njiani. Usimwambie yeyote, hasa Baba, maana atataka nitubu, nami sitaki.

Mdogo wako,
Tabitha