Vikaratasi vya Ghala la Mvinyo

Baba Zuhura,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, mimi na wewe, maana nyingine sizijui. Na herufi hizi ndizo zilizonifikisha mahali nilipoapa sitakanyaga.

Eda imekwisha. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani nikifikiri jambo moja tu. Siku ile, kabla jeneza lako halijatolewa, wanawake walinizunguka wakaniambia, "Mama Zuhura, mwie radhi mumeo." Nikasema nimemwia. Ulimi ulisema, moyo ulikataa. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu mwenyewe.

Sababu unaijua. Miaka kumi na minane ulitunza ghala la mvinyo la Mgiriki, kule njia ya Kaole. Mtu wa swala tano, kutwa kati ya mapipa. Uliniambia kazi yako ni kugeuza chupa, kubadilisha vizibo na kuandika ipi ni ya mwaka gani. Kuonja ni kwa bwana mwenyewe. Nikasema sawa. Lakini kila jioni nilikupokea mlangoni nikakwambia, "Nipulizie." Nawe, mtu mzima na mvi zako, ulinipulizia usoni bila kununa. Harufu ilikuwa moja siku zote, karafuu. Ukasema ni dawa ya jino. Jino gani hilo lisilopona wala kung'oka miaka kumi na minane? Nilikushuku, Baba Zuhura. Ulipokufa nilikuwa bado nakushuku.

Wiki iliyopita karani wa Mgiriki alikuja kwa kaka yangu Omari. Wamefika Wazungu wawili kutoka Dar es Salaam, wanataka kuonja na kununua mvinyo wa miaka mingi, na bwana wake hajui chupa ipi ni ipi kwa kuwa vikaratasi vyote uliandika wewe kwa herufi hizi, naye hazijui. Walimu wa chuo walikataa kuingia nyumba ile. Nikasema nitakwenda mimi. Omari alinitazama kama nimepagawa. Alidhani nafuata ujira. Nilikwenda kukupeleleza.

Omari aliishia mlangoni, pua ameiziba kwa kofia. Mimi nikashuka ngazi na buibui langu. Kulikuwa na baridi na giza, na kila kitu kimepangwa vizuri mno, kama ulivyokuwa ukinipangia vikombe kabatini nikiwa mgonjwa. Chupa zimelazwa ubavu, kila moja ina kikaratasi shingoni, kimefungwa kwa ukindu. Mgiriki akanishikia taa. Wageni wake walikwisha kukaa mezani na bilauri zao.

Basi nikasoma. "Mwaka wa nzige. Zabibu. Bwana asema kali." Mgiriki akazibua, akawamiminia. Nikakodoa macho nione ulevi unavyoanza. Wakazungusha bilauri, wakanusa, wakatia kinywani, wakasukutua kama watu wanaotia udhu, kisha wakatema ndooni. Hilo hukunieleza hata siku moja. Wamesafiri tangu alfajiri kuja kutema. Nikazidi kushuku: kama mtu anaweza kuonja akatema, wewe nani alikuwa anakuangalia?

Nikaendelea. "Mwaka daraja lilipobomoka. Mabibo. Bwana asema ingoje." "Mwaka wa jua kali. Zabibu. Bwana asema imeharibika, asiuziwe mtu." Kila kikaratasi ni bwana asema, bwana asema. Lako mwenyewe hakuna. Nikaanza kuona haya.

Halafu nikashika chupa ya safu ya nyuma. Umeandika hivi: "Mwaka aliokufa Zuhura. Zabibu. Nzuri."

Nzuri, basi. Hukuandika bwana asema. Ungeweza kuandika, nani angejua? Lakini hukutaka kumsingizia mtu.

Miaka yote hiyo nimekutafuta, na sasa nimekushika, na sikuona raha yoyote. Nikaikumbuka jioni ile. Mtoto wetu wa pekee, miaka saba, homa ya siku tatu, hata arobaini yake ilikuwa haijafika. Ulirudi, nikakwambia nipulizie, ukanipita ukasema, "Leo niache, Mama Zuhura." Ukaingia uani. Nikasikia unaoga, unaoga tena, kisha umekaa kwenye mswala hutoki. Na mimi nimesimama na hasira zangu. Mimi nililia na wanawake wenzangu, nikashikwa, nikapewa maji, nikalala mapajani mwa watu. Wewe siku ya nne ulirudi kazini, ukashuka ngazi zile peke yako. Sikukuuliza una hali gani. Hata siku moja, Baba Zuhura, sikukuuliza.

Mgiriki akasema, "Hiyo imeandikwaje?"

Nikasoma kwa sauti, Omari akisikia kutoka mlangoni: "Mwaka wa homa. Zabibu. Bwana asema nzuri."

Akakuna kichwa. Akasema hiyo hakumbuki kuionja. Nikamwambia, "Uliionja, bwana. Imeandikwa." Sikuwahi kusema uongo mbele ya mashahidi, na nimekwenda kuusemea katika nyumba ya mvinyo. Tutaulizwa, wewe lako na mimi langu. Wageni wakaionja ile. Hawakuitema.

Kikaratasi nilikifungua nikaondoka nacho, asije mwalimu wa chuo akakisoma. Njiani Omari alinisogelea, akanusa buibui langu, akahamia upande wa pili wa barabara. Harufu ya lile ghala inashika nguo na nywele hata kwa mtu asiyegusa kitu. Basi hiyo karafuu yako nayo nimeielewa, ulifunika harufu ya ghala, ingawa jino silikubali mpaka leo.

Sijui siku ile ulikunywa kiasi gani. Nashuku si tone moja, na sitaacha kushuku, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini radhi nakupa leo, nimeisema hapa peke yangu, hakuna mwanamke aliyenizunguka. Nimekuwia radhi, mume wangu. Kila Alhamisi jioni nitakusomea Yasini na kukuombea toba, na mtu hatajua ni toba ya nini. Hiyo ni ahadi mpaka nitakapoitwa.

Nami nina ombi moja. Ukimkuta Zuhura, usimwambie kwamba mwezi ule nilikuwa nasimama mlangoni nakunusa. Mwambie tulilia pamoja.

Mkeo,
Mama Zuhura