Hakuna Zamu

Handeni, 4 Machi 2018

Kaka Muhsin,

Shikamoo. Habari za Korogwe, na wifi anaendeleaje na mguu? Sisi tunasukuma siku, ila Kudra amelazwa tena. Ni selimundu. Tumepimwa: mimi na Awadhi kila mmoja amebeba nusu ya ugonjwa bila kuumwa. Daktari anasema mtoto mmoja kati ya wanne huugua. Basi Kudra ndiye huyo mmoja, na watatu watakaofuata watakuwa wazima? Awadhi anataka tuzae tena. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu, nakutegemea.

Mdogo wako,
Faudhia

Old Korogwe, 19 Machi 2018

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi yako ameanza kutembea. Poleni na Kudra. Ndiyo, ni mmoja kati ya wanne, umeelewa. Ondoeni hofu. Madaftari ya Kidato cha Sita yamenijaa mpaka kitandani, nitaandika vizuri likizo.

Kaka yako,
Muhsin

Handeni, 11 Agosti 2021

Kaka,

Shikamoo. Asante kwa kuja kumzika Kudra. Juzi nilimpeleka mdogo wake, Maryamu, kupimwa. Naye anao. Nikamwambia nesi, "Haiwezekani, zamu yetu ilishapita." Akataka kucheka, akaniona uso, akaacha. "Mama, hakuna zamu. Kila mimba inaanza upya."

Kaka, ulilijua hilo?

Mdogo wako,
Faudhia

Old Korogwe, 2 Septemba 2021

Faudhia,

Salamu kwako na Maryamu. Nililijua. Wiki ile nilikuwa nafundisha hilohilo ubaoni, linaitwa binomia. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Chukua familia 256 kama yenu, kila moja ina watoto wanne. Kwa makadirio, 81 hazitakuwa na mgonjwa, 108 zitakuwa na mmoja, 67 zitakuwa na wawili au zaidi. Wawili wa kwanza wote kuugua ni robo mara robo: moja ya kumi na sita. Ni nadra, mdogo wangu. Nisamehe, barua yako niliijibu nimesimama.

Kaka yako,
Muhsin

Handeni, 20 Januari 2022

Kaka,

Shikamoo. Maryamu anameza dawa, anakusalimu.

Umeandika nadra. Hizo familia nyingine kumi na tano mimi sizijui. Namjua Kudra, aliyekuwa akiita nane "miwani" na kukataa kuandika saba kwa sababu haina tumbo. Katika zile 256 yuko wapi?

Awadhi ameoa mke mwingine, Makuyuni. Mama mkwe alinitolea maneno mbele ya wageni: "Wewe unaizalia hospitali." Nilimwomba huyo binti, Mwanaidi, akapime, na nikamsindikiza mwenyewe. Hana hata hiyo nusu. Nesi akasema basi hakuna mtoto wake na Awadhi atakayeugua.

Nikakaa na barua yako, nikaweka sifuri pale penye robo. Hata akizaa kumi, wote wazima. Nilirudia hesabu mara tatu, nikitafuta kosa.

Mama Kudra