Pindo la kanga kwenye mkondo wa Nungwi

Mama, shikamoo. Najua utacheka kuletewa kadi huko Mwanakwerekwe kutoka Nungwi, kisiwa kimoja, lakini nilikokwenda leo simu haishiki: chini ya bahari, mtungi wa hewa mgongoni.

Mwalimu wangu, Makame, alisema mkondo wenyewe utanibeba, nisishindane nao. Kumbe maneno hayo ulishanambia wewe, sokoni, kila Idi ikikaribia: "Usisukumane na watu, we shika pindo la kanga yangu, tutafika." Mkondo uliponizoa nikasahau yote. Pumzi zikanipanda, nikataka kukimbilia juu, jambo tulilokatazwa kabisa. Mkono ukatafuta kanga. Ukapata mkanda wa Makame, nikaung'ang'ania mpaka nikatulia, matumbawe yakinipita kama meza za wauza vitambaa.

Kwenye boti akanambia, "Bibie, nilidhani nimekamatwa na pweza."

Siku hizi sokoni huendi, unasema watu watakuangusha. Nakuja Alhamisi, Mama. Tutakwenda pamoja, polepole, na safari hii pindo utashika la kwangu.

Mwanao,
Zuhura