Mpira wa Kwenye Soksi

12 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na kifua chako kinaendeleaje? Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio unachemka, kwa hiyo nisikucheleweshe.

Jumapili nilicheza mechi yangu ya kwanza ya kriketi na timu ya huku. Mpira wa kwanza niliupiga vizuri mpaka kocha akasimama kwenye kiti. Uliofuata nao hivyo hivyo. Halafu nikaugusa mmoja ukaenda karibu, na Nahodha, ambaye ndiye niliyekuwa napiga naye, akachomoka mbio kuja upande wangu. Mimi nimesimama tu, kiwiko juu kama ulivyonifundisha, naangalia mkono wangu umeishia wapi. Alipogeuka kurudi, vile vijiti vitatu vya upande wake vilishaangushwa kwa mpira. Katolewa kwa sababu yangu. Aliponipita akaniuliza, "We dada, kwani huwa unacheza na nani?"

Utoto wangu wote nimecheza na mpira ulioning'inia ndani ya soksi. Nimecheza na lile bomba ulilolichomelea la kuwekea mpira, na kioo cha kabati bovu, na kiwiko kilichofungwa kwa kipande cha tyubu mpaka mkono ukafa ganzi. Kama umesahau, Baba, kwenye kriketi wapigaji huwa wawili, mmoja kila upande, na hawakimbii bila kuitana. Soksi haimwiti mtu.

Mwanao.


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kipo, kinakohoa kama jenereta. Nafurahi kama u mzima.

Barua yako nilianza kuisomea karakana, ikabidi nizime mashine, maana ningejiunguza. Hivi unaongea na baba yako au na mwenzako? Hicho kiwiko kilichomsimamisha kocha kwenye kiti umekinunua duka gani? Kutwa nzima nachomelea mageti ya watu, nikirudi nakukatia bomba, nakufungia kamba, nasimama kukuangalia. Mafundi wenzangu wakanicheka: "Bwana mkubwa anamfundisha binti kupiga soksi!" Niliwaambia wakome.

Kukimbia kila mtu anajua. Hata kuku anakimbia. Huyo Nahodha wako alikurupuka, na wewe unamtetea.

Nimempa dereva wa lori akuletee kifaa kipya, mfereji wa bati wenye mteremko. Unaweka mpira juu, unakaa tayari, unateremka wenyewe, unapiga. Hauhitaji mtu. Fanya mazoezi, acha lawama.

Baba yako.


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Mfereji ulifika, na nimempa dereva yule yule aurudishe. "Hauhitaji mtu." Umeandika hivyo kwa mkono wako, tena kwa kujisifu!

Nimeondolewa kikosini. Sasa hivi nawabebea wenzangu chupa za maji. Kocha anasema mkono wangu ni mzuri kuliko wote, ila uwanjani niko kama kiziwi.

Unawakumbuka mapacha wa nyumba ya pili? Walikuwa wakija kugonga geti na gongo la kupigia walilochonga wenyewe. Kila wakija unawaambia nimelala. Sikuwa nimelala, Baba! Nilikuwa nyuma ya nyumba napiga soksi, na wao wanasikia. Siku moja mmoja akasema, "Mbona kama yuko macho?" Ukamjibu, "Huyo ni paka." Nilikusikia. Nikaendelea kupiga, machozi yananitoka, na wewe ukaja kunirekebisha miguu.

Habari za kuku sizitaki. Nijibu hili tu: kwa nini? Kama huna jibu, usiniandikie.

Mwanao.


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Umesema kama sina jibu nisikuandikie. Haya, sikuandikii.

Baba yako.


17 Julai

Baba,

Shikamoo. Sijui kifua chako kikoje, na kutojua huko kunaniudhi.

Nahodha ni muuguzi. Akitoka zamu ananipitia kiwandani ninakofanya kazi, bado yuko kwenye sare yake, tunakwenda kukimbia kwenye uchochoro wa nyuma ya maghala. Hatubebi mpira wala gongo. Tunaitana tu, yeye huku, mimi kule, mpaka makuli wanatuuliza tumepotelewa na nani. Mwanzoni sauti ilikuwa haitoki. Nilikuwa naona aibu kumpigia mtu kelele aje.

Jumapili hii nikarudishwa. Tulikimbia sana, Baba. Nimemwita akaja, ameniita nikaenda, koo limekauka mpaka leo. Tumeshinda.

Katikati ya mechi nikakuona. Umesimama nje ya uzio, umeshika wavu kwa mikono miwili, miwani ya kuchomelea iko kwenye paji la uso kama mtu aliyetoka kazini bila kuaga. Nilipotolewa nikaja mbio kukutafuta, gongo mkononi. Muuza maji akaniambia, "Yule mzee ameondoka sasa hivi. Alikuwa anafoka peke yake, kila mkikimbia." Nikamuuliza ulikuwa unafoka nini. Akasema, "Alikuwa anasema, mwahi mwenzako, mwahi!"

Nadhani ni yule dereva wa lori aliyekutajia siku ya mechi. Umesafiri njia yote ile, ukaondoka bila hata kunisalimia. Umeniudhi upya. Na la mapacha hujanijibu, sijalisamehe, usidhani nimelainika.

Ila nimechoka kukukasirikia kwa karatasi. Tunacheza tena Jumapili ya mwisho wa mwezi. Getini hawamzuii mtu. Ingia, kaa nikuone, na mechi ikiisha tugombane uso kwa uso.

Mwanao.