Mwanamke wa Pili Kambini

Kambi ya Lambo,
Karibu na Kaliua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia na umeshamwambia Petro asome polepole. Kaka Petro, tafadhali usiruke maneno, hata yale yasiyokupendeza. Mimi mzima, homa imeniacha. Mgongo wako je? Na karanga zimestawi? Huku tunakula ugali wa muhogo. Wa mtama nauota tu.

Mama, kazi nimeiweza. Nashika mti wa kupimia, ule wenye mistari, naye bwana injinia anauchungulia kwa darubini toka mbali, ajue maji ya lambo, hilo bwawa litakalochimbwa, yataishia wapi. Mwanzoni wanaume walinicheka. Siku hizi wakinicheka nami nawacheka, yanakwisha. Ila kina mama wa vijijini wakiwaona wapimaji penye visima vyao hukimbia, au hung'oa vigingi vyetu vya vipimo wakavifanya kuni. Nikienda mimi tunaongea, vigingi vinakaa. Ndipo bwana akasema, "Veronika, nitafutie wanawake wengine." Akaongeza kwamba hawezi kumweka mwanamke peke yake kambini kupita mwezi huu. Nikipata wenzangu nabaki, nikikosa narudi nyumbani Puge.

Basi nikaenda kijiji cha jirani na nyapara wetu, Mzee Saidi, mtu wa Tabora mjini, mpole sana. Nikawaambia kina mama, "Njooni Jumatatu, kuna kazi, tusaidiane." Ole wangu! Ungekuwepo ungenifinya. Jumatatu likaja kundi zima, majembe begani, watoto mgongoni, ngoma mbele, wanaimba. Bwana akatoka hemani na povu la sabuni shavuni. Wakalima uwanja wote wa mbele ya kambi, matuta yamenyooka, na vigingi vyetu vikaenda humo humo. Kisha wakakaa chini wakaniuliza, "Haya, mwenye shamba, pombe iko wapi?"

Mimi mtoto wako, niliyekulia nyuma ya ngoma ya jembe, nilisahau kwamba kwetu ukimwambia mtu njoo tusaidiane, umemwalika kulima, na mtungi uwe tayari! Niliona haya, mama. Mzee Saidi alicheka mpaka akashika mti. "Binti, umealika harusi bila pilau," akasema. Wakanywa chai, sukari ya kambi ikaisha, wakaondoka wakininung'unikia.

Lakini wasichana wawili walibaki nyuma, Tatu na Helena, wote wamesoma mpaka darasa la nne. Walitaka kuchungulia darubini. Bwana akawaachia, na Helena akapiga yowe kuona mbuzi wa ng'ambo ya bonde wamemjia puani. Wanaitaka kazi, mama, wanaitaka kweli. Nikaenda kwa mama zao. Wakaniuliza, "Wasichana hulala nyumba ya mama mtu mzima. Huko kambini mtu mzima wa kike ni nani?" Nikasema ni mimi. Wakacheka, na siwalaumu.

Sasa lililonifanya niandike. Mama, njoo wewe.

Usimkatishe Petro, asome mpaka mwisho. Nimeshasema na bwana. Akauliza unajua kazi gani. Nikamwambia unaongoza wanawake shambani kwa wimbo na safu yako haipindi. Akasema ataandika jina lako, uwasimamie kina mama watakaochimba mfereji wa lambo. Hujaitwa kutupikia. Baba mdogo atasema mjane haachi mji wake. Mwambie mavuno yako ghalani, na Petro ana mke. Najua unaliogopa gari la moshi, na sikufichi, linatikisa kweli. Lakini tangu baba atutoke hujapumzisha macho kwa kuona pengine, na mimi nikirudi sasa, najua sitatoka tena. Nakuhitaji, mama.

Nisalimie Baba mdogo kwa heshima, wifi yangu mke wa Petro na kichanga chake, katekista wetu, na shangazi wa Ipuli utakapolala kwake Tabora.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa stesheni ya Kaliua na Tatu na Helena. Mizigo yangu nitakuja nayo imefungwa. Ukishuka, tutaibeba sote kurudi kambini. Usiposhuka, nitawaaga wale wasichana papo hapo, ningoje gari la kurudi.

Mwanao akupendaye,
Veronika